Pete ya Waya

Siku Kizibo alipolipata jina lake, wanafunzi mia tatu walikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, sahani mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu shule ijengwe hakuna hata mmoja aliyekumbuka njaa.

Kabla ya siku hiyo mtaa mzima ulimwita Mjusi. Kazi yake ilikuwa kuosha matangi ya maji. Tangi lina mdomo mdogo na tumbo kubwa, na anayeliosha sharti aingie mzima mzima, na ndoo yake na brashi yake, asugue kuta, azoe tope lililotuama chini, kisha atoke kama alivyoingia. Miaka thelathini Mjusi aliingia na kutoka. Lakini miaka nayo haiji mikono mitupu. Kila mmoja ulimletea kidogo kiunoni, naye hakuuliza, maana mgeni akija taratibu mwenye nyumba hashtuki.

Siku ile tangi lilikuwa la shule, lile lililochimbiwa ardhini nyuma ya jiko, lenye mdomo wa chuma wa duara. Alitanguliza miguu kama kawaida. Miguu ikapita, mapaja yakapita kwa kulalamika, halafu tumbo likakaa pale mdomoni kama lililozaliwa hapo. Shemeji yake, aliyekuwa ameshika kamba, akamvuta mikono. Hakuna kitu. Akamsukuma mabega. Hakuna kitu.

Mkewe ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa shule ile. Wanafunzi walimwita Mama Upawa, kwa sababu upawa wake ulikuwa mkubwa kama kofia, na mkono ulioushika haukujua kupakua nusu. Alisikia vicheko, akatoka jikoni akijifuta jasho, akamkuta mumewe nusu yuko duniani, nusu yuko majini.

"Mume wangu," akamwambia, "unaingia au unatoka?"

"Bado nafikiria."

Mama Upawa akarudi jikoni, akaja na debe la mafuta ya kupikia, akammiminia kiunoni kuzunguka kama mtu anayekaanga. Wapishi wawili wakashika mkono mmoja, shemeji akashika mwingine, wakavuta. Alitoka kwa mlio ambao walimu waliusikia ofisini. Sauti moja kutoka kwenye foleni ikasema kwa utulivu kabisa, "Kizibo kimetoka." Jina likabaki. Mjusi alikufa siku hiyo na hakuna aliyemlilia.

Mama Upawa alicheka na wenzake mpaka akafika jikoni. Huko akaegemea mlango wa stoo na kicheko kikamwisha. Alimkumbuka baba mkwe wake, mtu mkubwa, mcheshi, mwenye sahani isiyoona haya. Alikufa na miaka hamsini na tisa. Akamkumbuka kaka mkubwa wa mumewe, hamsini na nane, na yule wa pili, hamsini na tisa kama baba yao. Wote moyo. Wote walikuwa wamepita mezani kwake wakamsifu mkono. Wanaume wa nyumba ile sitini waliiona kwa mbali kama mlima, na hakuna aliyeupanda. Kizibo alikuwa na hamsini na saba.

Kizibo naye, kabla ya kuondoka, alikuwa na lake. Akiwa bado anang'aa mafuta, alitoa uzi wa pamba mfukoni, akauzungusha kwenye mdomo wa tangi, akaukata pale ncha zilipokutana. "Baada ya miezi sita litaoshwa tena," akamwambia bwana stoo, aliyekuwa anafunga mfuniko wa chuma kwa kufuli. "Nitapita hapa hapa. Kipimo ninacho." Akautia uzi kwenye mfuko wa ovaroli.

Kesho yake mkewe akamfikisha zahanati. Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akampandisha kwenye mizani. Kilo mia moja na nne. Akampima na presha, akaandika, akaweka kalamu chini.

"Baba, chakula ni nguvu, na nguvu hiyo ina kipimo chake, inaitwa kalori. Nimekuuliza unachokula kwa siku, nimepiga hesabu. Unakula kalori za watu wawili."

"Huyo wa pili ni nani?" Kizibo akauliza. "Mbona sijamwona akinisaidia kazi?"

"Umembeba hapo kiunoni. Ndiye aliyekwama jana."

Habari zilikuwa zimeshafika. Kizibo akatazama dari.

"Mwanangu," Mama Upawa akasema, "akipunguza, ataishi?"

"Mama, umri hakuna wa kuuahidi. Lakini moyo ukipunguziwa mzigo, unakwenda mbali zaidi. Mpunguzie theluthi ya sahani, si zaidi, asije akalala na njaa. Mboga ziwe nyingi, mafuta kidogo, sukari kidogo zaidi. Na ale taratibu. Tumbo likishiba hutuma salamu kichwani, na salamu hizo hutembea kwa miguu. Zinachukua kama dakika ishirini kufika."

Mama Upawa aliyashika maneno hayo yote, lakini hilo la salamu alilifunga kwenye kona ya kanga.

Jioni ile ile alifua ovaroli. Mafuta yalikuwa yameingia mpaka kwenye mishono, basi akalichemsha mara mbili kwa sabuni na maji yanayotokota, akalianika. Lilipokauka akaingiza mkono mfukoni, akakuta uzi.

"Kipimo chako hiki hapa," akamwambia mumewe. "Kimeoga nacho."

Wakautafutia kitu cha kulingana nao humo ndani. Ukawa mkubwa kwa sinia, mdogo kwa beseni. Walipouzungusha kwenye mfuniko wa sufuria kubwa, ile aliyopewa na mama yake siku ya harusi, ile iliyolea watoto watano mpaka wakaondoka na maisha yao, ncha zikabusiana. Hata unywele usingepita kati yake.

"Kumbe tangi la shule na mfuniko wangu ni pacha," Mama Upawa akasema. "Na jikoni shuleni nina mwingine namba hii hii, wala sikuwahi kujua."

Kizibo akachukua waya mnene, akaukunja kuufuata mfuniko, akaufunga kwa koleo. Wakaining'iniza ile duara kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na mfuniko wenyewe. Yeye akaiita pete.

"Ya kwanza nilikuvisha mimi. Hii utanivisha wewe, kila Jumapili, mpaka ipite."

Jumapili ya kwanza alinyoosha mikono juu kama mtoto anayevishwa shati. Pete ikapita kichwa, ikapita mkono mmoja, ikateta kidogo na bega la pili, ikafika kifuani ikagoma.

"Kifuani tu," Kizibo akasema. "Tumbo halijaulizwa bado."

Sasa ikaja kazi yenyewe. Mtu anayepikia mia tatu hajui kupikia wawili. Siku ya kwanza Mama Upawa alipika kidogo, na kidogo chake kingetosha wapiga tarumbeta wa harusi. Siku ya pili alipima mchele kwa kikombe cha chai, akautazama ndani ya sufuria, akaona haya. "Napikia mwanasesere," akanung'unika. Lakini alivumilia. Upawa wake alikuwa nao mmoja wa nyumbani, mdogo wa ule wa shule. Akaufunga kwenye gazeti, akausweka juu ya kabati, akawa anapakua kwa kijiko cha kawaida. Nusu ya sahani mboga za majani, robo maharage, robo wali. Sahani yenyewe akaibadilisha, akatoa ile ya wageni, ambayo ni ndogo na ina maua.

Kizibo hakulalamika. Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Alimaliza, akaweka kijiko chini, akawa anaitazama sufuria kama mtu anayemtazama ndugu yake akipanda basi. Siku nne mkewe aliyavumilia yale macho. Miaka thelathini na moja hakuwahi kumwambia "hapana" aliponyoosha sahani, na mdomo wake haukujua hata neno hilo linaanzia wapi. Siku ya tano Kizibo akanyoosha sahani.

"Kuongeza kuna sharti lake," Mama Upawa akasema, na yeye mwenyewe akashangaa limetoka wapi.

"Sharti gani?"

"Kitendawili. Ukijibu, unaongeza. Ukishindwa, unanipa mji na sufuria inafunikwa."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai," Kizibo akasema, kabla mkewe hajafunga mdomo. "Hicho hata kuku anakijua. Leta wali."

Akampakulia. Lakini siku iliyofuata, shuleni, alikoroga maharage huku anatunga. Alikuwa na kipaji hicho tangu utotoni. Masomo yake yaliishia darasa la saba, lakini kwa vitendawili hata mwalimu mkuu alikuwa akimkwepa.

"Kitendawili," akasema jioni, sahani iliponyooshwa.

"Tega."

"Ana mdomo mmoja, ana tumbo kama ghala, anakunywa mwaka mzima na hajawahi kuuliza choo kiko wapi."

Kizibo akafikiri. Akasema ngamia. Akasema mlevi wa mtaa wa pili. Akasema kisima, mkewe akamwambia yuko jirani lakini hajafika. Akasimama, akazunguka meza, akakaa. Akataja shimo, akataja bahari, akataja mama mkwe wake marehemu, akaomba radhi. Saa ya ukutani ilikuwa imesogea dakika ishirini na zaidi. Halafu akajikuta ameegemea kiti, mikono juu ya tumbo.

"Ajabu," akasema. "Hata nikikijua sasa, sitaki tena kuongeza. Chukua mji, niambie."

"Tangi."

Kizibo alimtazama muda mrefu. Kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. "Miaka thelathini nashinda ndani yake," akasema. "Usimwambie shemeji."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Salamu za tumbo zikapata muda wa kutembea, na neno "hapana" halikuhitajika. Siku moja moja Kizibo alijibu upesi akaongezwa kijiko kimoja, na hiyo ilikuwa haki yake. Siku nyingi alitoa mji. Ndani ya miezi miwili Mama Upawa alikuwa anamiliki miji ishirini na mitatu, na mumewe akawa anamwamkia asubuhi, "Shikamoo, mfalme."

Kazini alibadilishana zamu na shemeji. Matangi ya plastiki, yenye midomo mipana, aliingia mwenyewe. Yenye midomo myembamba aliingia shemeji, naye Kizibo akashika kamba. Shemeji hakuipenda zamu hiyo. Kila alipotoka alikuwa ametubu dhambi zote na mbili tatu za majirani. "La shule siingii," alisema tangu mwanzo. "Lile ni kaburi lenye maji. Lile ni lako, shemeji. Usipopita wewe, watafute mtu mwingine."

Mambo yakaanza kuonekana. Mkanda ulirudi tundu moja, kisha la pili. Kizibo akafunga kamba za viatu bila kukaa. Kukoroma, ambako kwa miaka kumi mkewe alikuwa amekuzoea kama mvua ya bati, kukapungua mpaka akawa anaamka kusikiliza kama bado anapumua. Zahanati mizani ikasema tisini na tisa, kisha tisini na sita, kisha tisini na tatu. Muuguzi akapima presha, akaipima tena, akatabasamu. Mama Upawa naye, kwa kula kwenye sahani ya pili ya maua, alipungua bila kukusudia, magoti yakaacha kumpigia kelele kwenye ngazi za stoo.

Ni pete tu iliyokuwa na kichwa kigumu. Mwezi wa pili ilipita kifua. Mwezi wa nne ilishuka mpaka juu ya kitovu. Mwezi wa tano ikasimama hapo, tumbo likiizidi kwa vidole viwili. Jumapili baada ya Jumapili, vidole viwili vile vile.

Zilipobaki wiki tatu tangi lioshwe, bwana stoo alikuja nyuma ya jiko kupima maji. Akafungua kufuli, akasukuma kando mfuniko wa chuma, akakumbuka fimbo ya kupimia ameiacha stoo, akaenda kuichukua. Upepo ulikuwa unapeperusha majani makavu. Mama Upawa aliona yakielekea kwenye mdomo wa tangi, maji ya watoto. Akanyakua mfuniko wa sufuria uliokuwa karibu, ule wa ukubwa sawa na wa nyumbani, akauweka mdomoni pa tangi auzibe kwa muda. Ungekaa sawasawa, alijua. Si ni pacha.

Mfuniko haukukaa. Uliinama upande mmoja, ukaingia, ukasema chubwi.

Alisimama pale mkono wazi. Chini kwenye giza mfuniko uliyumba ukizama, ukimetameta, mpaka usionekane. Akapiga magoti, akazungusha kiganja kwenye chuma. Kulikuwa na nafasi. Mdomo uliuzidi mfuniko kwa vidole viwili na kitu.

Akakumbuka ovaroli likitokota kwenye sufuria ya kufulia, mara mbili, na uzi wa pamba mfukoni. Alikuwa anajua tangu akiwa msichana kwamba pamba ikichemshwa hujikunja kama mzee kwenye baridi. Alifua sare za watoto watano, akawa ananunua kubwa makusudi. Na bado uzi ule aliutoa mfukoni, akaukabidhi, akasema umeoga.

"Nini kimelia?" bwana stoo akauliza, akirudi na fimbo.

"Mfuniko wangu umetumbukia. Utatoka siku ya kuosha."

"Mmezoea, nyumba yenu, kutumbukia humu," bwana stoo akasema. "Huo angalau haukuhitaji mafuta."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea na furaha. Mumewe alikuwa anapita, labda tangu mwezi uliopita. Alipanga jinsi atakavyomwambia. Lakini alipofungua mlango alimkuta Kizibo amesimama jikoni, haikuwa hata Jumapili, pete imemkaa juu ya kitovu.

"Nilidhani siku ya kazi itanionea huruma," Kizibo akasema. Akaivua, akaitundika kwenye msumari, akakaa. "Mwezi mzima vidole viwili. Mizani inasema nimepungua, pete inasema sijapungua. Mmoja wao mwongo, na pete haina betri."

"Mzee wangu."

"Ngoja nimalize. Kesho mwambie bwana stoo atafute mtu mwingine. Na wewe shusha ule upawa kabatini. Baba alikufa ameshiba, kaka zangu walikufa wameshiba. Labda ndivyo tulivyo. Nipikie kama zamani."

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Mama Upawa, wa moto, kama punje ya wali iliyotoka jikoni sasa hivi. Akimwambia, ataruka, atafurahi, na kabla ya jua kuzama upawa utakuwa umeshushwa kwa sherehe, maana mtu akishafika haoni tena sababu ya kutembea. Asipomwambia, upawa unashushwa kwa huzuni. Njia zote mbili zilikwenda kabatini. Naye hakuwa na shida na tangi. Tangi lingeweza kuoshwa na yeyote. Yeye alitaka mtu wa kukaa upande wa pili wa meza ile akiwa na sitini, na sitini na tano, na zaidi.

Akavuta kiti, akakaa.

"Nina miji mingapi?"

"Arobaini na mmoja. Juzi ulichukua ule wenye stesheni."

"Nakurudishia yote. Na masoko yake, na stesheni. Nipe wiki tatu tu za sahani ya maua, mpaka siku ya tangi. Siku hiyo ukikwama, nashusha upawa mimi mwenyewe."

Kizibo akamtazama kwa jicho moja. "Mfalme anauza nchi yote kwa wiki tatu?"

"Anauza."

"Huyu mfalme ana jambo," akasema. Lakini akacheka, na Kizibo akicheka alikuwa ameshakubali. "Haya. Wiki tatu."

Zilikuwa ndefu. Katika ndoa yake Mama Upawa hakuwahi kumficha mumewe kitu, ukiacha bei za vitenge. Kila Jumapili aliishusha pete ile taratibu, ikagoma palepale, naye akageuka upande kana kwamba anatafuta chumvi.

Siku ikafika. Shule ilikuwa imefungwa, uwanja mtupu, maji yamevutwa nje kwa pampu mpaka yakabaki ya magotini. Walikuwepo wapishi wawili, bwana stoo, Mama Upawa, na shemeji aliyekuja na kamba na debe la mafuta.

"La nini hilo?" Kizibo akauliza.

"Heshima tu, shemeji."

"Liweke karibu."

Akavaa ovaroli, likamlegea. Akafunga kamba kifuani, akakaa kwenye ukingo, akatanguliza miguu. Mama Upawa alijua, na bado alishika aproni yake kwa mikono miwili. Kizibo akavuta pumzi, akalibana tumbo, akafumba macho, akajiachia. Akaingia kama barua kwenye sanduku la posta. Hakugusa upande huu wala ule. Kamba ikamvuta shemeji hatua mbili.

Chini vilisikika vishindo vya maji, kisha kimya, kisha kimya kirefu zaidi.

"Shemeji," shemeji akaita, "uko salama?"

"Kitendawili," tangi likasema. Sauti ilitoka nzito, ya watu kumi.

Wote wakamgeukia Mama Upawa. "Tega."

"Hana miguu, hana kamba, hakumwagiwa mafuta, na amenitangulia kuingia."

"Chura," shemeji akasema.

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mfalme."

Mama Upawa akapiga magoti kwenye ukingo. "Nimeshindwa," akasema polepole.

"Nipe mji."

"Sina. Nilikurudishia yote. Sina hata kijiji."

"Basi nipe ukweli."

Kwanza ulitoka mfuniko, umeshikwa na mkono ulioloa, ukapita kwenye mdomo wa chuma kwa raha zake. Nyuma yake kikatoka kichwa cha Kizibo. Akaugeuza mfuniko upande huu na upande huu, akautazama mdomo wa tangi, akamtazama mkewe.

"Ni uzi," Mama Upawa akasema. "Niliuchemsha pamoja na ovaroli, ukajikunja. Pete ni ndogo kuliko tangi."

"Umejua lini?"

"Wiki tatu."

"Zile wiki tatu."

"Zile zile."

Shemeji akaanza kuikunja kamba kwa uangalifu mkubwa, ingawa ilikuwa bado imemfunga Kizibo kifuani.

"Kwa hiyo nimelia jikoni kwangu, mtu mzima, kwa sababu ya sabuni," Kizibo akasema. "Na wewe ukanunua wiki tatu kwa miji ambayo ni yangu."

"Ningekwambia, jioni ile ile ungeomba upawa. Baba yako alikuwa na hamsini na tisa. Kaka zako nao hawakuvuka hapo. Nilikuwa nahesabu, mzee wangu. Kila nikipakua nilikuwa nahesabu."

Viwiko vya Kizibo vilikuwa kwenye ukingo, maji yanamchuruzika masikioni, na kati ya tumbo lake na chuma kulikuwa na mwanga. Akautazama ule mwanga. Akapitisha vidole viwili, akavichezesha.

"Hujanidhulumu," akasema mwishoni. "Nipe brashi. Tangi halijioshi."

Alishinda humo mpaka alasiri, akiimba bila kujua maneno, na alipotoka alitoka mwenyewe. Debe la mafuta lilirudi jikoni limejaa.

Jioni Mama Upawa alipika. Mikono yake, baada ya miezi sita, ilikuwa imejua: vikombe viwili vya mchele, si zaidi, na mboga rundo. Alichukua koleo kwenye droo, akasimama mbele ya msumari nyuma ya mlango.

"Niikate?"

"Iache," Kizibo akasema. "Mimi na hiyo bado tuna vidole viwili vya kuzungumza."

Wakala kwenye sahani za maua, taratibu, wakirudia jinsi shemeji alivyosema chura. Kizibo akamaliza, akaweka kijiko chini. Mkewe akaona amechoka, amefanya kazi ya watu wawili akiwa mmoja, na sufuria ilikuwa na kijiko kimoja kizuri kimebaki. Roho yake ya mpishi ikamshinda.

"Utaongeza?"

"Sharti ni sharti. Tega kwanza."

Mama Upawa akamchagulia chepesi kuliko vyote, kile cha siku ya kwanza. "Nyumba yangu haina mlango."

Kizibo akainua uso. Akatazama dari, akakuna kidevu, akasogeza midomo kama mtu anayepiga hesabu kubwa. Saa ya ukutani ikasema tiki nyingi. Mkewe alimsubiri, kiganja shavuni, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Hicho kigumu," akasema mwishowe, akiisukuma sahani mbele. "Chukua mji."